Miche ya mikorosho ya kubebesha: inahimili ubwiriunga kwa kiasi gani?

Kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, kati ya Mnazi Mmoja na Ndanda, kuna kitalu cha mtu binafsi kinachouza miche ya mikorosho ya namna mbili, yaani ile iliyooteshwa kwa mbegu na ile iliyobebeshwa, ambayo kikonyo, yaani kitawi cha mti uliochaguliwa, kimeunganishwa juu ya shina la mche wa mbegu. Bei ya mche wa kubebesha inakaribia mara tatu ya bei ya mche wa mbegu, na sababu kubwa anayoitoa muuzaji ni kwamba mikorosho hiyo haisumbuliwi na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika maua kwa utando mweupe kama unga. Shambani kwetu, upande wa Tandahimba, imo miche ya kitalu hiki ambayo imekwisha kukua na kuzaa, pamoja na mingine iliyopandwa baadaye ambayo ndiyo kwanza inaanza kutoa maua. Kwa hiyo tathmini hii haiishii kwenye uzuri wa mche siku ya kununua, bali inaangalia zaidi kama kile kilicholipiwa, yaani uwezo wa kuhimili ugonjwa, kimefika shambani kweli.

Ubwiriunga uliripotiwa kwenye mikorosho ya Tanzania mwaka 1979, wakati ambapo uzalishaji wa nchi ulikuwa tayari umeanza kuporomoka kutoka kilele cha tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kama tani 16,500 tu. Si haki kuutwisha ugonjwa huu lawama yote, kwa kuwa watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haitii moyo. Lakini hata aliyebaki shambani akipalilia kila mwaka alikuta maua yamekauka kabla ya kushika korosho. Kupanda tena kwa uzalishaji, hadi kuvuka tani 300,000 katika msimu wa 2017/18, kumekuja kwa salfa na viuakuvu vingine, kwa palizi na kupogoa, na kwa aina bora zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Anayeuza mche kwa jina la ustahimilivu anauza sehemu ya kazi hiyo ya utafiti, na ni halali aulizwe maswali magumu.

Nianze na mche wenyewe, kwa sababu hapo kitalu kinastahili sifa. Maungio ya kikonyo na shina la chini yalikuwa yameshikana vizuri, bila uvimbe wala ufa, na ukikishika kikonyo na kukitikisa kidogo hakilegei. Vikonyo vilikuwa na unene unaolingana na shina la chini, jambo ambalo vitalu vingi vya haraka hulipuuza. Mizizi ilikuwa haijajizungusha chini ya mfuko. Miche ilikuwa imetolewa kivulini mapema na kuzoeshwa jua, kwa hiyo haikushtuka ilipofika shambani, na iliyokufa baada ya kupandwa ilikuwa michache sana. Kasoro niliyoiona ni kwamba baadhi ya miche iliuzwa ikiwa bado imefungwa utepe wa nailoni kwenye maungio, na mnunuzi asiyejua kwamba utepe huo lazima uondolewe atakuta shina limekabwa likiwa linanenepa.

Kuna jambo lingine kwenye maungio ambalo linahusiana moja kwa moja na ugonjwa. Shina la chini hutoka kwenye mbegu ya kawaida, na kila mara hujaribu kutoa maotea yake chini ya maungio. Maotea hayo yakiachwa hukua kwa kasi kuliko kikonyo, hukifunika na mwishowe hukiua, na mkulima hubaki na mkorosho wa mbegu usiojulikana tabia yake huku akiamini kwamba amepanda aina bora. Nimeiona mikorosho ya namna hiyo katika mashamba ya watu, wenye shamba wakilalamika kwamba aina bora nazo siku hizi zinashikwa na ubwiriunga kama za zamani. Kijana anayehudumia kitalu hiki alituonyesha maotea hayo kwenye miche aliyokuwa nayo mkononi na akayatoa mbele yetu, na kwa hilo namsifu bila kusita.

Sasa niingie kwenye ustahimilivu. Ubwiriunga husababishwa na kuvu inayoshambulia sehemu changa pekee za mkorosho: majani mapya, mashada ya maua, korosho na mabibo yanayoanza kukua. Majani yaliyokomaa huwa salama. Kuvu hiyo hufanya utando mweupe kama unga juu ya shada, maua hushindwa kufunguka au hukauka na kuwa meusi, na korosho chache zinazoponyoka hubaki na makovu, huku mabibo yakipasuka. Haihitaji mvua, mvua kubwa huosha mbegu zake badala ya kuzisaidia. Inachotaka ni hewa yenye unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 80, pamoja na joto la wastani, na hufanya vizuri zaidi kati ya nyuzi 26 na 28 za sentigredi. Bahati mbaya ni kwamba mikorosho ya Kusini huchanua kuanzia kama Juni hadi Septemba, wakati ambapo mvua ya kuosha haipo lakini umande wa usiku na ukungu wa asubuhi upo, hasa huku juu kwenye uwanda wa Makonde.

Kutokana na hayo, mche mdogo ulio safi kitaluni si ushahidi wa ustahimilivu. Bado haujatoa maua, unapuliziwa dawa mara kwa mara, na unakaguliwa kila siku. Muuzaji alituonyesha majani mapya yasiyo na unga na kusema, "Mzee wangu, hii ukishaipanda sahau habari za salfa." Maneno hayo hayana msingi. Hakuna aina ya mkorosho inayolimwa hapa ambayo ina kinga kamili dhidi ya ubwiriunga. Zipo zinazoshambuliwa kidogo na zinazoshambuliwa sana, na kati yake zipo nyingi za wastani. Tofauti hiyo ni ya kiwango, na katika mwaka wa ukungu mwingi hata ile iliyo bora kuliko zote hupata unga.

Katika mikorosho yetu iliyokwisha kuzaa nimeona tabia tatu tofauti, na zote tatu muuzaji huziweka chini ya sifa moja. Upo mstari ambao mashada yake kweli hayashikwi kirahisi: unga hutokea sehemu chache, haukui kwa kasi, na maua ya jirani hufunguka kama kawaida. Upo mstari mwingine ambao mashada yake hupata unga waziwazi, lakini bado hushika korosho za kutosha, labda kwa sababu hutoa mashada mengi mno kiasi kwamba hasara ya sehemu haionekani gunia linapopimwa. Na upo mstari wa tatu ambao huchanua mapema sana, hivi kwamba ugonjwa unapofikia kilele chake shambani, korosho zake zimekwisha kushika na kuanza kukomaa. Huu wa tatu hauna ustahimilivu wowote, unachofanya ni kuuwahi ugonjwa. Mwaka ambao mvua zilichelewa kuisha na maua yakachelewa nayo, mstari huo ulishambuliwa vibaya kuliko yote, jambo ambalo lisingetokea kama sifa yake ingekuwa ndani ya mti wenyewe.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa mnunuzi. Mkorosho unaowahi ni mzuri kwa mtu anayetaka kuvuna na kuuza kwenye minada ya mwanzo, lakini akiupanda kwenye bonde lenye ukungu wa mapema hatapata faida aliyoitarajia. Ule unaohimili bila kuwa safi unaweza kumridhisha mwenye shamba huku ukiwa kiwanda cha mbegu za kuvu zinazopeperushwa na upepo kwenda kwa jirani. Kitalu kingetusaidia sana kama kingeandika, kwa kila aina, wakati wake wa kuchanua na namna inavyopambana na ugonjwa. Hakifanyi hivyo.

Na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa huduma hii, yaani lebo. Sehemu ya miche ya kubebesha ilikuwa na kibandiko chenye jina la aina, kwa majina yanayotambulika miongoni mwa wakulima na wataalamu wa korosho kama vile AC4, AZA2 na AZA17. Sehemu nyingine ilikuwa imeandikwa "bora" tu, na bei ni ileile. Tulipouliza vikonyo vya miche hiyo vilikatwa wapi, jibu lilikuwa kwamba vilitoka kwenye mikorosho mizuri ya mashamba ya jirani. Mkorosho mzuri wa jirani unaweza kuwa mzuri kwa sababu jirani anapuliza dawa vizuri. Kikonyo hubeba tabia ya mti kilikotoka bila kubadilika, na hiyo ndiyo maana ya kubebesha. Lakini kama tabia ya mti huo haijapimwa, utakuwa umeinakili bila kuijua. Mistari yetu iliyotokana na miche ya "bora" inathibitisha hilo kwa namna isiyopendeza, kwa maana miti inayofuatana haifanani kwa wakati wa kuchanua, wala kwa ukubwa wa korosho, wala kwa unga kwenye mashada.

Miche ya mbegu ina hadithi yake. Mkorosho huchavushwa na wadudu wanaozunguka kutoka mti hadi mti, kwa hiyo korosho iliyookotwa chini ya mti unaohimili ugonjwa ina mzazi wa pili asiyejulikana, na watoto wake hutofautiana. Naliendele wametoa mbegu zinazozalishwa kwenye bustani maalumu ambako wazazi wote wawili ni aina teule, na hizo ni nafuu inayoeleweka kwa mtu asiyeweza kumudu miche ya kubebesha. Kitalu hiki kilisema mbegu zake zinatoka kwenye bustani ya namna hiyo na kikaonyesha kumbukumbu za ununuzi, jambo lililonifurahisha. Ni ajabu kidogo kwamba miche ya bei nafuu ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu nzuri kuliko sehemu ya miche ya bei ghali.

Faida ya fedha inatokana na salfa. Utaratibu uliozoeleka ni kupulizia salfa ya unga kiasi cha gramu 250 kwa mkorosho mmoja uliokomaa kila awamu, awamu tano, kwa nafasi ya siku 14. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua mikorosho kama 28, kwa hiyo kila awamu inahitaji kilo saba za salfa kwa ekari, na msimu mzima kilo 35. Juu yake kuna petroli, kukodi mashine ya kupulizia, na malipo ya mpuliziaji anayeamka kabla ya alfajiri ili kupata hewa iliyotulia na umande utakaoshika unga wa salfa. Katika mistari yetu yenye aina zinazojulikana tumeweza kupunguza awamu katika miaka ya kawaida bila kupoteza mavuno kwa kiasi cha kuonekana, kwa kukagua mashada kila wiki na kupulizia pale tu unga unapoanza kuonekana kwenye mashada machache. Katika mistari ya "bora" hatukuthubutu, kwa kuwa miti huchanua kwa zamu, na kila wakati kuna shada changa la kuambukizwa. Hata salfa ya ruzuku haibadilishi hesabu hii sana, kwa sababu gharama ya mashine na mtu inabaki palepale.

Lipo pia suala la udongo. Salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo, na udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hauna nguvu kubwa ya kuzuia mabadiliko hayo. Awamu moja iliyopunguzwa kila mwaka, kwa umri wote wa mkorosho, ni nafuu kwa muhogo na kunde zinazopandwa kati ya mistari. Viuakuvu vya maji, vinavyopenya ndani ya shada na kupulizwa kwa nafasi ndefu zaidi, vinapunguza tatizo hilo, lakini vikitumiwa peke yake msimu hadi msimu kuvu hujifunza kuvizoea. Kwa hiyo aina inayohimili inasaidia pia kurefusha maisha ya dawa zenyewe.

Sipendi kabisa ushauri alioutoa muuzaji kwamba mtu achague aina moja "kali" na kuijaza shamba zima. Kuvu nayo hubadilika, na shamba la aina moja linaipa kazi moja tu ya kutatua. Wenye mimea mingine wamelipitia hilo. Ulaya, ubwiriunga wa vichaka vya gusberi uliingia kutoka Marekani karibu na mwaka 1900 na kukuta vichaka vilivyochaguliwa kwa karne nzima kwa ukubwa na utamu wa matunda, bila mtu kufikiria ugonjwa ambao haukuwapo. Vikaangamia kwa wingi, na watafiti wakalazimika kutafuta ustahimilivu kwenye jamii za porini za huko Marekani ndipo zikapatikana aina kama Invicta ya Uingereza. Kwa mkorosho, kuchanganya aina kadhaa zinazojulikana, kila moja kwenye mstari wake ili upuliziaji uwe rahisi, ni busara zaidi, na pia husaidia uchavushaji.

Ustahimilivu wa ubwiriunga, tena, hauhusu kuvu nyingine. Blaiti, iliyotambuliwa kwenye mikorosho yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupenda mvua na hushambulia majani na korosho changa. Chule, ugonjwa mwingine wa kuvu, nayo hufuata unyevu. Miongoni mwa miche niliyoikagua kitaluni kulikuwa na michache yenye madoa ya kahawia kwenye majani, iliyobanana mno chini ya kivuli, na mhudumu aliitenga tulipomwonyesha. Lililonitia wasiwasi zaidi ni udongo wa mifuko. Mnyauko wa fuzari, ambao uligunduliwa Mkuranga mkoani Pwani mwaka 2012, hukaa ardhini na kuua mkorosho mzima kupitia mizizi, na udongo wa kitalu ni njia rahisi ya kuusafirisha. Tuliuliza udongo ulichimbwa wapi, na hatukupata jibu lililonyooka. Kitalu kinachouza miche kwa jina la kuhimili magonjwa hakina kisingizio cha kutojua chanzo cha udongo wake, na mnunuzi ana haki ya kukataa mche uliojazwa udongo uliotolewa chini ya mikorosho.

Huduma nyingine ni za kawaida. Wanapakia vizuri, hawatupi miche kwenye gari kama magunia, na waliibadilisha bila ubishi michache iliyovunjika maungio njiani. Stakabadhi wanatoa ukiomba. Anayenunua kwa wingi anapunguziwa bei, na ushauri wao wa kupanda Desemba au Januari, mvua zikiwa zimeshika, ni sahihi.

Kwa mtu anayefungua shamba jipya Mtwara au Lindi, miche ya kitalu hiki yenye jina la aina inastahili bei yake, mradi aipogoe, aondoe maotea ya ndani ya mti ambako kuvu hujihifadhi baada ya msimu, na aendelee kukagua mashada tangu Juni. Miche ya "bora" isiyo na jina naiona ghali. Bora kuchukua ile ya mbegu yenye kumbukumbu, au kwenda moja kwa moja Naliendele kuuliza vikonyo. Kwa msimu ujao tumeweka oda ya miche zaidi hapohapo kwa masharti mawili yaliyoandikwa kwenye stakabadhi: kila mche uwe na jina la aina na mahali kikonyo kilipokatwa, na chanzo cha udongo wa mifuko kitajwe. Mwenye kitalu ameyakubali yote mawili, na malipo yaliyobaki yatafanywa baada ya kukagua miche, kabla haijapakiwa.